Nani Alisimama Kiwanjani Saa Tisa Alasiri?

Mimi ni mchoraji wa majengo. Maneno haya kuhusu maghorofa tunayojenga niliyasema Mtwara, mbele ya vijana waliomaliza kozi ya ujenzi na uchoraji wa ramani, wazazi wao, na mafundi wa mjini. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa tu mahali nilipokohoa na mahali watani zangu waliponikatisha.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimepewa nusu saa, na mshereheshaji amenionya mapema kwamba pilau iko tayari. Harufu mnaisikia wenyewe, sina haja ya kuieleza. Basi nitaanza na kosa langu mimi, kwa sababu mtu akianza na makosa ya wenzake pilau hupoa kabla hajafika katikati.

Ila kabla ya kosa, niwape kichekesho cha jana. Nimefika jioni nikitokea Lindi. Pale stendi nikachukua bajaji, nikamwambia kijana anipeleke kwa mdogo wangu anayekaa Chuno. Akaniuliza, "Mama, tupite Friji au tupite Boksi?" Nikadhani kuna duka jipya la vyombo. Kumbe Friji ni ghorofa. Refu, jeupe, lina mstari mmoja wa kijivu katikati kama ule unaotenganisha mlango wa juu na mlango wa chini, na ukishaambiwa jina huwezi tena kuliona vingine. Boksi ni jirani yake. Nikamuuliza, na lile kule lenye vioo vya bluu linaitwaje? Akacheka. "Lile halijapata jina bado, Mama. Tunaliita tu Lile."

Nilicheka mpaka Chuno. Usiku, kitandani, kicheko kikaniisha. Kijana yule hajasoma usanifu, lakini ametoa hukumu ambayo sisi wa fani tungeiandikia ripoti ya kurasa arobaini. Fikirieni: ghorofa sita, nondo, zege, miaka mitatu ya kujenga, mkopo wa benki unaomnyima mtu usingizi, halafu mji mzima ukalitazama, ukakosa hata jina la kulitania. Lile.

Manung'uniko haya nayasikia kila ninapokaa. Mikindani kuna bibi mmoja, jirani wa marehemu shangazi yangu, aliniambia, "Mwanangu, haya maghorofa yenu yamezaliwa na mama mmoja, ila baba kila mtu anamkana." Ukiyarudia maneno kama hayo mbele ya wenye majengo unajibiwa kwamba watu wana wivu, au hawajazoea maendeleo. Nakataa. Hakuna mtu anayemwonea wivu Friji.

Na msinielewe vibaya, mimi maghorofa nayataka. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Mtwara Mikindani ina watu 108,299. Ile ya 2022 ikakuta 146,772. Wote hao wanahitaji pa kulala na pa kufanyia kazi. Tukiendelea kujenga nyumba za chini peke yake, kila familia na uzio wake na geti lake, mji utaila mikorosho kuelekea Naliendele mpaka ufike kwenye kituo chenyewe cha utafiti wa korosho. Kupanda juu ni akili. Ninachouliza ni nini hicho tunachokipandisha.

Haya, kosa langu.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa, katika ofisi ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kunakili michoro kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ile nyembamba inayoonyesha. Ukikosea, raba haisaidii. Unachukua wembe, unaukwangua wino taratibu, pumzi umeibana, na mkono ukizidi uzito karatasi inatoboka, unaanza upya. Mtu ambaye mstari mmoja wa makosa unamgharimu wembe na saa nzima hujifunza kufikiri kabla ya kushika kalamu. Sisemi kwa kuringa. Nasema kwa sababu siku nilipopata kompyuta niliweka wembe chini, na kufikiri nako nikakuweka chini hapohapo.

Ilikuwa 2012. Wakubwa mnakumbuka hali ilivyokuwa huku kwetu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikakaa miaka mingi imetulia kama mkwe ugenini. Ghafla bomba la kwenda Dar es Salaam hilo, wageni wanashuka kwenye ndege, kiwanja kilichokuwa kinauzwa kwa bei ya baiskeli kinauzwa kwa bei ya lori. Lindi nako hivyohivyo, maana habari za kiwanda cha kusindika gesi zilikuwa zimeshafika hadi sokoni. Akanijia mfanyabiashara mmoja. Kiwanja Lindi mjini, ghorofa nne, maduka chini na ofisi juu. Alikuwa na picha kwenye simu, jengo aliloliona safarini Dodoma. Akasema, "Dada, nataka hili." Nikamwambia, unataka kama hili. Akasema, "Hapana. Hili."

Nikampigia simu mwenzangu wa Dodoma, akanitumia faili. Kwenye kona ya chini kulia nikabadilisha jina la mwenye jengo, namba ya kiwanja, na jina la mchoraji nikaweka langu. Siku mbili. Nikalipwa. Kiwanjani sikwenda.

Naomba mnielewe vizuri hapo. Mimi naishi Lindi! Kiwanja kile ni mwendo wa dakika kumi na tano kutoka nyumbani kwangu, na njiani kuna mama anauza mihogo ya kukaanga. Sikwenda.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake kavu, na mwezi wa sita usiku unatafuta blanketi. Lindi iko puani mwa bahari, na blanketi tunampa mgonjwa. Lile jengo la Dodoma lilikuwa na ukuta mzima wa vioo upande wa barabara, na nyuma lilikuwa na ngazi na vyoo. Kwenye kiwanja cha Lindi barabara iko magharibi. Kwa hiyo vioo vikatazama magharibi. Na vyoo, ambavyo Dodoma vilikuwa nyuma, Lindi navyo vikabaki nyuma. Nyuma ya Lindi ni bahari.

Miaka minne baadaye nikaenda kununua dawa yangu ya presha. Duka la dawa lilikuwa kwenye jengo hilohilo, chini, upande wa barabara. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilichokiona kwanza ni maboksi. Kijana wa duka alikuwa amebandika maboksi ya dawa yaliyofunguliwa juu ya vioo vyote, kwa gundi ya karatasi, toka chini mpaka mahali mkono wake ulipofika. Juu ya hapo alikuwa ametundika kanga. Kipimajoto kilining'inia kwenye msumari kando ya kaunta, kinasoma 36. Nikachukua boksi la dawa yangu nikaligeuza: ihifadhiwe mahali pakavu, pasipozidi nyuzi joto 30. Kijana akaniona ninavyosoma. Akasema, "Mama, aliyechora jengo hili Mungu anamwona."

Nikalipa. Nikapokea chenji. Nikatoka, sikumwambia.

Lakini sikwenda nyumbani. Nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu nikaomba kutumia choo. Mlango ulipofungwa nyuma yangu nikakutana na kusi. Upepo mtamu unaotoka baharini, unapita kwenye luva ndogo juu ya sinki, unapeperusha hata kitambaa cha kichwani. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikachungulia. Ghuba yote ile, na mitumbwi inayovuka kwenda Kitunda. Chumba kizuri kuliko vyote katika jengo zima nilikuwa nimekipa ndoo na fagio.

Sasa vijana, niwakumbushe jambo mlilofundishwa mkalisahau siku mtihani ulipokwisha. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, Desemba linaegemea kusini kidogo, na Februari na Oktoba kuna siku linapita utosini kabisa. Jua hilo la juu ni rahisi kulidanganya. Toa slabu sentimita 80 nje ya ukuta, juu ya dirisha, limeshindwa. Jua la saa tisa na saa kumi halidanganyiki. Limeinama, linaingia chini ya kofia, linakufuata mpaka kwenye kiti. Ndiyo maana pande ndefu za jengo tunazielekeza kaskazini na kusini, na magharibi tunaweka ukuta, stoo, ngazi, mti, kitu chochote kisichojua kulalamika. Na ukuta wenyewe usiuache uchi. Bloku ya inchi sita ikipigwa na jua la alasiri hailirudishi joto papo hapo. Inalitunza, na kulitoa inalitoa saa mbili za usiku, wakati mama anamlaza mtoto upande wa pili wa ukuta.

Halafu madirisha. Nani aliturithisha haya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma? Unampa mwenye nyumba dirisha la futi sita, analilipia futi sita, anaosha vioo vya futi sita, na linalofunguka ni futi tatu. Nusu ya dirisha daima imesimama mbele ya nusu nyingine kama watu wawili wanaogombania mlango. Luva za zamani, zile tulizozikimbia kwa sababu ni za kishamba, zinafunguka zote, na mvua ikinyesha unazilaza kidogo tu, upepo unaendelea kupita.

Dawa yetu ya yote hayo ni kiyoyozi. Tunajenga tanuri, kisha tunanunua mashine ya kulipoza tanuri, kisha tunanunua umeme wa LUKU wa kuilisha mashine. Umeme ukikatika watu wote wanatoka nje kusimama kwenye kivuli cha duka la jirani, lile la zamani lenye bati na baraza. Nendeni mkaangalie. Na maji ya viyoyozi yanamdondokea mpita njia kichwani, na chini ya kila mashine kuna mstari wa kutu unaoteremka ukutani, maana chumvi ya bahari haiogopi rangi. Ghorofa la miaka mitano lina sura ya mtu aliyelia usiku kucha bila kunawa uso.

Nani alaumiwe? Mngependa nimtaje mtu mmoja tuinuke tukale. Hayupo. Mwenye pesa anaogopa kuonekana mshamba, hivyo anataka kilichopo Dar es Salaam, na Dar es Salaam inataka kilichopo Dubai. Dalali anamwambia vioo ndivyo vinavyoleta mpangaji wa benki. Mchoraji, yaani mimi, analipwa kwa karatasi, halipwi kwa kufikiri. Fundi anapewa karatasi na tarehe. Na miaka yote niliyopeleka michoro kuombea kibali niliulizwa kuhusu mipaka ya kiwanja, idadi ya ghorofa, shimo la maji taka, maegesho, mahesabu ya nguzo. Maswali mazuri yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza jua linazama upande gani.

Haraka hiyo ikizidi inaua, hilo tunalijua. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam likaua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka lingine Kariakoo, mchana kweupe, watu wakiwa dukani. Lakini hayo yana kamati zake na mahakama zake. Mimi leo nazungumzia yale yasiyoanguka, ambayo wajukuu wenu watayakuta.

Kuna mtu kule nyuma nilimsikia kabla sijaanza akisema, "Nyumba za zamani nazo zilifanana, mbona hamkulalamika?" Swali hilo ni zuri kuliko hotuba yangu, nitakaa nalo kidogo.

Ni kweli, zilifanana. Piteni Mikindani, kwenye vichochoro vya chini ya Boma lile la Wajerumani la 1895. Nyumba za mawe na chokaa, baraza mbele, mlango wa kuchongwa, na zile za ghorofa zina roshani ya mbao juu ya njia. Ukiziangalia haraka utasema ni nyumba moja. Sasa ingia ndani upime. Chumba ni kirefu lakini chembamba, kama mita 2.5, mara chache kinakaribia 3. Kwa nini? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mkoko, na mkoko haurefuki zaidi ya unavyorefuka. Mti wa pwani ndio uliopima chumba. Ukuta mnene kwa sababu jiwe ni la matumbawe, na huo unene ndio unaofanya ukiingia saa saba mchana uhisi kama umeshuka kisimani. Roshani inafunika njia, mpita njia anapata kivuli bure. Baraza ni ya mwenye nyumba lakini makalio ni ya kila mtu. Kila kinachojirudia pale ni jibu la swali la hapahapa. Zinafanana kama ndugu wanavyofanana: pua moja, lakini huyu mpole na huyu mkorofi. Yetu yanafanana kama fotokopi, na kila kopi imefifia kuliko ile iliyoitangulia.

Nendeni Kilwa Kisiwani, nauli ya boti haimshindi mtu aliyekuja hapa na suti. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Vyumba zaidi ya mia moja. Amelisimamisha juu ya genge, bahari iko chini ya miguu, na ndani ametengeneza birika la kuogea lenye pembe nane. Pembe nane! Hakuna aliyemlazimisha, pembe nne zingeshika maji vilevile. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akausifu mji ule kwamba ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Alikuwa ametoka Makka, Aden na Mogadishu, si mtu wa kushangaa kila ghorofa. Na hiyo Kilwa iko mkoa wa Lindi. Mfanyabiashara wangu aliipita barabarani akienda Dodoma kupiga picha.

Sisemi turudi kuchoma matumbawe kupata chokaa. Matumbawe ni nyumba ya samaki, na baruti ya kuvulia peke yake imeshatuharibia vya kutosha. Mikoko nayo tuiache ilinde pwani. Saruji tunayo, kiwanda cha Dangote kiko hapahapa Mtwara tangu 2015, na zege si mchawi. Aliyesema zege haliwezi kuwa na akili hajawahi kusimama ndani ya soko la Kariakoo. Beda Amuli, Mtanzania, alilichora, likafunguliwa miaka ya sabini. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, kila mwavuli na nguzo yake. Mvua inakusanyika katikati na kushuka, hewa moto inatoka kwenye nafasi baina ya mwavuli na mwavuli, na mama wa nyanya chini yake hapigwi jua. Moto uliliunguza Julai 2021, na mlisikia watu walivyosikitika. Walisikitikia mali, sawa, lakini walilisikitikia na jengo. Lile la bluu likiungua, watu watauliza kama bima ipo.

Nataka niseme na habari ya mji huu wenyewe, maana ninyi vijana mnadhani barabara zake pana zilishushwa na malaika. Mji huu ni mtoto wa karanga. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1946 wakatuma watu watazame ardhi, wakazunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Wakarudi na mchoro. Mtwara ndiyo ikapangiwa kuwa bandari ya kuzisafirishia karanga hizo. Wakaleta hata matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa kiangazi ukawa kama sakafu, mvua ikawa na ratiba yake, na 1951 mpango ukafa, mamilioni ya pauni yakiwa yameshazikwa. Reli ya kutoka hapa kwenda Nachingwea nayo ikang'olewa miaka ya sitini mwanzoni.

Lakini bandari ipo. Kila msimu wa korosho mnaiona. Kwa nini bandari ikabaki na mashamba yakafa, wakati ni mpango mmoja wa watu walewale? Nadhani ni kwa sababu kina cha maji ya bandari hupimwa kwanza. Kule kwenye mashamba kipimo chao kikubwa kilikuwa macho ya mtu aliye kwenye ndege.

Najua wenye viwanja waliomo humu wanafikiri, mama huyu anatuongezea gharama. Nimefanya mahesabu yenu maisha yangu yote, niwaambie ukweli. Kuligeuza jengo kwenye karatasi ni bure. Kuvihamisha vyoo kwenda magharibi ni bure, bomba halijali linatazama wapi. Slabu za kivuli zinaongeza zege na nondo, sikatai, lakini mita moja ya mraba ya ukuta wa vioo inakula pesa kuliko ya bloku na lipu, na hiyo ni kabla hujanunua kiyoyozi cha kwanza. Baraza ya chini, ile njia yenye paa mbele ya maduka kama ilivyo kwenye maduka ya zamani ya Wahindi pale Lindi, inakula nafasi ya duka futi sita. Ndiyo. Lakini mteja hasimami juani kuangalia viatu. Kinachowatia hasara hasa ni mpangaji anayehama. Ofisi za ghorofa ya pili na ya tatu za lile jengo langu zimekuwa na kibandiko cha "Inapangishwa" muda mrefu mpaka namba ya simu imepauka. Magharibi hiyo, jua limeifuta.

Na rangi, na mapambo? Wengine mlitegemea niseme tuchonge milango ya Kimakonde kwenye kila ghorofa. Sina ugomvi na anayetaka, na wachongaji tunao wanaohitaji kazi. Ila usinichukulie kinyago ukakibandika kwenye uso wa Friji ukasema sasa lina utamaduni. Litakuwa friji lenye kinyago. Anza na upepo. Mapambo yatajitafutia mahali pake, kama pembe nane za yule Sultani.

Nimeona saa ya mshereheshaji, namalizia.

Mfanyabiashara yule wa Lindi amenipigia simu mwezi uliopita. Tumezeeka wote, sasa ananiita Mama fulani, haniiti Dada. Amenunua kiwanja hapa Mtwara, anataka ghorofa tano, nyumba za kupangisha. Ameniambia ana picha. Nikamwambia picha aitunze, na mimi nina jambo la kumwambia kuhusu duka lile la dawa. Nikamwambia yote, mpaka habari ya choo. Akanyamaza muda, nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kipindi chote hiki bahari iko chooni?" Nikamwambia iko chooni.

Amekubali tuanze upya, na amekubali niende na wanafunzi. Jumatatu saa tisa alasiri nitakuwa kiwanjani na kiti cha plastiki, dira, na kipande cha uzi nilichofunga utepe wa karatasi mwishoni tuone upepo unakotoka. Tutakaa mpaka jua lizame, kisha Alhamisi tutarudi asubuhi. Anayetaka aje, halipi kitu. Njooni na maji na kofia. Kivuli hakuna pale, mwenye kiwanja ameshakata mkorosho.